Wavu wa Kuangusha, na Yule Ashikaye Kamba

(Hotuba iliyosomwa na mmoja wa makarani wetu mbele ya mkutano wa mwezi wa Chama.)



Mwezi uliopita Bwana Katibu alisimama mezani kwangu akaniomba nizungumze katika mkutano huu, akanipa na ruhusa ya kuchagua neno nilitakalo. Najua ya kuwa wengi wenu mlitazamia nitasema habari za kutunza majalada, au habari za ule mwaka wangu wa masomo Uingereza. Habari za Uingereza nitazisema, lakini si za majumba yake wala za treni zake. Nimechagua kusema juu ya wavu: wavu wa nyuzi wa kunasia sungura, jinsi unavyofumwa, jinsi unavyosimamishwa, na jinsi unavyoangushwa.

Naona baadhi ya ndugu wanatabasamu. Haidhuru. Hata mimi zamani nilitabasamu, na kutabasamu kwangu kuligharimu watu wawili, mmoja babu yangu, na wa pili mzee wa nchi ya mbali asiyekuwa na udugu nami. Ndiyo sababu nimeona vema niseme, ili gharama ile isipotee bure.

Nianze na nyumbani. Babu yangu mzaa baba alikuwa mkulima katika wilaya ya Handeni. Alilima mahindi, na pembeni mwa mahindi kunde na choroko. Kila mwaka, kunde zikianza kutoa majani mawili matatu, sungura walikuja usiku wakazikata kama kwamba wamepewa mkasi. Babu alikuwa na nyavu za katani alizozifuma mwenyewe, na majirani walikuwa na zao. Siku ya kuswaga, nyavu ziliunganishwa zikawa kama nusu ya mwezi, watoto na mbwa wakapita upande wa pili wakipiga makelele, na watu wazima wakalala chini nyuma ya nyavu.

Mwaka ule nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya misioni, na mama alikuwa amenifulia shati langu jeupe. Babu akaniweka mahali nyavu mbili zinapokutana, akaniambia, "Lala hapa, shika mshono huu kwa mikono miwili, usinyanyuke mpaka nikuite." Nyasi zilikuwa na umande, na mimi niliona haya kulichafua shati. Nikachutama badala ya kulala, kisha nikasimama. Sungura watatu walikuwa wanakuja moja kwa moja. Waliponiona waligeuka, wakapita palepale penye mshono ambao sikuushika. Wazee walinitazama wasiseme neno. Babu akaja, akaufunga mshono, akasema, "Mjukuu wangu, shati lako limeokoka."

Hayo tu. Mwaka ule kunde hatukuvuna. Babu alifariki dunia kabla sijamaliza masomo, na fundo la wavu wake sikujifunza kwake. Nimejifunza kwa mtu mwingine, ng'ambo ya bahari, na sasa nitawaambia habari zake.

Nilipokuwa Uingereza nilikaa katika kijiji kimoja cha jimbo la Norfolk, si mbali na mji wa Thetford. Nchi ile ni ya mchanga mwepesi, na mvua zake ni chache kuliko za sehemu nyingi za Uingereza. Kwa sababu ya mchanga, sungura huchimba humo kwa urahisi. Zamani za kale watu walifuga sungura huko kwa nyama na kwa ngozi, katika viwanja vikubwa vilivyozungushiwa kuta za udongo. Mpaka leo lipo jengo la mawe karibu na Thetford, lililojengwa yapata mwaka 1400, alimokaa mlinzi wa sungura wa nyumba ya watawa, na kuta zake ni nene kama za ngome, kwa kuwa wezi wa sungura walikuja na silaha. Na katika mji wa Brandon, ulio jirani, manyoya ya sungura yalitengenezwa kwa kazi ya kofia kwa miaka mingi.

Hapa sina budi kueleza neno moja, ama sivyo hotuba yote itapotea. Yule tunayemwita sungura, au kitungule kama wasemavyo baadhi ya watu wa pwani, ambaye twamjua katika hadithi kwa werevu wake, si mnyama yuleyule. Sungura wetu wa nyikani hachimbi shimo. Hulala juu ya ardhi katika kishimo kidogo cha majani, na watoto wake huzaliwa wana manyoya na macho wazi, tayari kwa mbio. Sungura wa Ulaya, ambaye ndiye baba wa hawa tuwafugao katika vibanda, huchimba mashimo marefu yaliyounganika, wakakaa humo wengi pamoja kama mtaa. Watoto wake huzaliwa uchi na vipofu chini ya ardhi. Jike hubeba mimba yapata siku thelathini tu, na huweza kuzaa mara nyingi kwa mwaka mmoja. Jioni hutoka wakaenda kula shambani, na wakitishwa, hawakimbii ovyo: hurudi nyumbani, kila mmoja kwa njia yake aliyoizoea.

Ndugu zangu, shikeni sana neno hilo, maana ndilo msingi wa wavu wa kuangusha. Wavu huu haumtafuti mnyama, wala haumfuati. Unasimama kati yake na mlango wa nyumba yake, kisha unangoja.

Uharibifu wa mnyama huyu si wa kuchezea. Mwaka 1859 bwana mmoja wa Australia, Thomas Austin, aliletewa kutoka Uingereza sungura ishirini na wanne, akawaachia katika shamba lake ili apate windo. Katika muda wa miaka hamsini walikuwa wameenea sehemu kubwa ya bara lile, hata serikali ya Australia Magharibi ikajenga ua wa waya wenye urefu wa kilometa zaidi ya 1,800, uliokwisha mwaka 1907, na sungura wakapita vilevile. Katika Uingereza, sheria ya mwaka 1880 iliwapa wakulima haki ya kuua sungura walao mazao katika mashamba wanayoyalima, hata kama ardhi ni ya mwingine, kwa kuwa kabla ya hapo mkulima mpangaji aliweza kutazama tu mazao yake yakiliwa. Mwaka 1953 uliingia ugonjwa uitwao miksomatosi, ukaua sungura karibu wote wa nchi. Wachache waliosalia walizaa tena. Mitego ya chuma yenye meno, iliyomshika mnyama mguu akateseka usiku kucha, ilikatazwa katika Uingereza tangu mwaka 1958. Wavu haukukatazwa, kwa sababu wavu haumvunji mnyama. Humshika tu, na mwenye wavu yupo palepale kuimaliza kazi upesi.

Sasa nije kwa wavu wenyewe. Mwalimu wangu alikuwa mzee mkulima niliyepanga chumba nyumbani kwake. Jina lake sitalitaja. Alikuwa amekodi shamba dogo, akilima shayiri na mboga, naye alikuwa na ng'ombe wachache. Upande mmoja wa shamba palikuwa na kichaka chenye ukingo wa mchanga, na ukingo ule ulijaa mashimo ya sungura.

Kwanza, uzi. Zamani walitumia uzi wa katani ya Ulaya, na siku hizi wengi hutumia nailoni, kwa kuwa haiozi. Mzee alipenda uzi wa zamani, akisema ya kuwa nailoni hushika kila kijiti na kila mwiba gizani. Vyombo vya kufumia ni viwili tu: sindano bapa ya mti iliyozungushiwa uzi, kama hii wanayoitumia wavuvi wetu wa pwani, na kipande cha ubao laini chenye upana wa sentimeta tano. Uzi huzungushwa juu ya ubao, ukapitishwa katika jicho la juu, ukafungwa kwa fundo la wavuvi, na kwa njia hiyo kila upande wa jicho huwa sentimeta tano sawasawa. Jicho likiwa kubwa kupita hapo, sungura mdogo hupita. Likiwa dogo mno, sungura hagandamani na wavu, bali hudunda akarudi nyuma. Fundo lisipokazwa vema, jicho huteleza likawa kubwa, na sungura mmoja akipita huwafungulia wengine. Kufuma wavu mmoja kwa mkono ni kazi ya majira yote ya baridi, maana mafundo yake ni maelfu kwa maelfu.

Pili, ulegevu. Hapa ndipo wajinga hukosea, nami nilikosea. Mtu hudhani wavu mwema ni ule uliovutwa ukakazika kama ngozi ya ngoma. Sivyo. Kwa kamba ya meta mia moja, hufumwa wavu wa meta mia na hamsini, ukakusanywa juu ya kamba ile ili uwe na mikunjo. Kwenda juu vilevile: wavu ukinyoshwa ni kama meta moja na robo, lakini ukisimamishwa huwa sentimeta sabini na tano hivi, na kinachozidi hulala chini upande wa shamba. Sungura akija mbio huupiga wavu, na ule ulegevu humfunika kama mfuko. Wavu uliokazwa humrudisha. Mzee alisema, "Wavu mkali haushiki kitu." Kwa mtu anayejifunza, meta hamsini zatosha, maana meta mia gizani ni safari ndefu.

Tatu, mahali na kusimamisha. Mzee alitembea kando ya kichaka mchana akatazama njia za sungura: majani yaliyokanyagwa, kinyesi cha mviringo, na mahali shayiri ilipoliwa mpaka chini. Akachagua mstari kati ya mashimo na shamba, tukausafisha upana wa hatua mbili, tukiondoa miiba, mawe, na vijiti. Kisha tukapiga fito, kila hatua tano ufito mmoja, urefu wake juu ya ardhi ukiwa chini ya meta moja. Kamba ya juu ya wavu ilifungwa katika vichwa vya fito isiondoke. Kamba ya chini pamoja na wavu wote ilikunjwa ikainuliwa juu, ikalazwa juu ya vijiti vidogo, kila kijiti kikiwa kimechomekwa katika tundu la ufito, kikae kwa wepesi, kisibane. Na kila kijiti kilifungwa kwa uzi mfupi, na nyuzi zote zilifungwa katika kamba moja ndefu iliyopita nyuma ya fito mpaka mwisho wa mstari. Mtu mmoja akiivuta kamba ile, vijiti vyote huchomoka kwa pamoja, na wavu huanguka toka mwanzo hata mwisho.

Mnaona, ndugu zangu, ya kuwa kijiti kimoja kikibana, wavu utaning'inia mahali pale na kuacha mlango. Kwa hiyo mzee alivikagua vijiti vyote kwa kidole chake, kimoja kimoja, kila jioni.

Nne, kungoja. Wavu ukisha kuinuliwa, hauangushwi siku ile, wala siku ya pili. Huachwa juu, usiku nne, tano, hata saba. Usiku wa kwanza sungura huogopa, kwa kuwa wanaona kitu kigeni, na wengine hupiga ardhi kwa mguu wa nyuma kuwaonya wenzao. Usiku wa pili mmoja hupita chini yake. Hatimaye wote hupita kwenda na kurudi kama watu wapitavyo chini ya kizingiti cha mlango, na wavu huwa si kitu kwao. Siku hizo zote mwenye shamba huona mazao yake yakiliwa, na wavu uko juu, naye hana la kufanya ila kuvumilia. Nimeona kazi nyingi ngumu katika maisha yangu, lakini hiyo ya kutazama mali yako ikiliwa ukiwa na kamba mkononi, naiweka ya kwanza.

Tano, usiku wenyewe. Usiku mwema ni wa giza, hakuna mbalamwezi, na upepo una nguvu ili kufunika sauti. Upepo uvume kutoka shambani kuelekea kichakani, ili harufu ya mwenye kamba isiwafikie sungura walioko shambani. Watu watatu watosha: mmoja kwenye kamba, na wawili upande wa mbali wa shamba, wenye kamba nyingine ndefu ya kuburura juu ya mazao. Huingojea saa moja au zaidi baada ya giza kuingia, mpaka sungura wawe wameenda mbali na mashimo yao. Kisha ishara hutolewa, wavu huangushwa, na wale wawili huanza kutembea polepole wakiburura kamba yao, bila makelele. Sungura hurudi nyumbani, na nyumba imefungwa. Mwenye wavu hupita akiigusa kamba ya juu kwa vidole. Ikitikisika, hujua pana sungura. Humwendea upesi, akamvunja shingo mara moja. Mzee alikuwa mkali sana katika jambo hilo. Alisema mtu anayemwacha mnyama akihangaika katika wavu hafai kupewa wavu.

Basi mzee alinipa mimi kamba. Alikuwa na maumivu ya miguu, lakini alikwenda mwenyewe upande wa mbali pamoja na mwanawe, kwa kuwa alijua sitaweza kutembea katika shamba lile gizani. Ishara ilikuwa uzi mwembamba uliopitishwa ukingoni mwa shamba mpaka mkononi mwangu. Akaniambia, "Nitauvuta mara mbili. Mara moja si kitu. Mara mbili, vuta."

Nilikaa nyuma ya kichaka. Baridi ya nchi ile mnaisikia kwa masikio tu. Mimi niliisikia katika mifupa. Nilikuwa nimevaa koti langu jema na viatu vyangu vya ofisini, kwa sababu nilidhani kazi hii ni mchezo wa saa moja. Moyoni nilikuwa nikisema, "Mtu aliyesoma kama mimi, ametumwa na serikali yake kujifunza kazi za ofisi, naye ameketi katika matope akishika uzi kama mtoto mchunga mbuzi." Uzi ukatikisika mara moja. Nikangoja kidogo, haukutikisika tena. Nikasema, labda ule wa kwanza ulikuwa ni miwili, na mimi sikusikia vema kwa baridi. Nikavuta kamba.

Ulikuwa ni upepo.

Wavu ulianguka vizuri kabisa, vijiti vyote vikatoka. Lakini sungura walikuwa bado karibu na kichaka, wengine hawajatoka, na wengine walikuwa palepale chini ya wavu. Nilisikia ardhi ikipigwa miguu huku na huku. Tulipata watatu tu, na mmoja wao alipasua wavu kwa kuwa nilimkamata vibaya.

Mzee alikuja na taa yake. Aliutazama wavu, akaniangalia viatu vyangu. Hakunigombeza. Alisema, "Tutaukunja kesho, ukikauka."

Ndugu zangu, sungura hasahau upesi. Tuliuinua wavu tena, lakini hawakupita chini yake. Walitokea upande mwingine wa kichaka ambako hatukuwa na wavu, wakaila shayiri, upana wa hatua kumi tangu ukingoni, kwa urefu wote wa shamba. Majuma yalipita. Siku moja nilirudi kutoka masomoni nikamkuta mzee anamfungulia mtu mlango wa zizi, na mtamba wake mmoja akapandishwa garini. Nikamwuliza mkewe, "Mbona mmemwuza?" Akanijibu kwa upole, "Kodi ya shamba hailipwi kwa sungura watatu."

Usiku ule sikulala. Nilikumbuka shati langu jeupe na kunde za babu. Niliona ya kuwa kosa langu ni lilelile, ijapokuwa miaka imepita na bahari imevukwa: mara zote mbili niliona kazi ya mkono kuwa ni ndogo kuliko mimi, nikaifanya kwa nusu ya moyo. Na mara zote mbili hasara haikuniangukia mimi. Mimi nilikuwa na posho yangu mwisho wa mwezi. Ilimwangukia yule ambaye chakula chake kimo katika shamba lile.

Asubuhi nilimwendea mzee nikamwomba anifundishe kuutengeneza wavu. Hakuonyesha kushangaa. Alinipa sindano na ubao, akanionyesha fundo mara tatu, akaniachia. Jioni nne mfululizo nilikaa jikoni mwao nikiziba matundu, na mkewe akinikatia mafundo mabaya kwa mkasi, nikianza tena. Majuma sita baadaye tukausimamisha wavu mahali papya. Tuliuacha juu usiku nane. Usiku wa tisa mzee akaniambia, "Kamba ni yako." Sikutaka kuishika, akanilazimisha. Uzi ulitikisika mara moja, mara nyingi, kwa kuwa upepo ulikuwa mkubwa, mimi nikakaa. Vidole vyangu vilikufa ganzi. Kisha uzi ukavutwa mara mbili, kwa nguvu, kama mtu agongaye mlango. Nikavuta.

Tulipata sungura kumi na tisa. Haikurudisha mtamba. Lakini mboga za mwisho wa mwaka zilisalimika, na mzee alinipa mkono.

Sasa mtaniuliza, Bwana Mwenyekiti, "Hayo yatufaa nini sisi?" Ni swali la haki, na nitalijibu kwa mambo matatu.

La kwanza, msitoke hapa mkaenda kutega nyavu nyikani. Sungura wetu hana shimo la kurudia, hukimbilia popote, kwa hiyo wavu wa kuangusha haumfai hata kidogo. Ndiyo maana babu zetu waliswaga na kuzungusha. Zaidi ya hayo, sheria ipo. Katika Tanzania, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda pasipo leseni au kibali, na katika Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu mwaka 1977. Sisi tulio watumishi tunaoandika barua za kuwakumbusha watu sheria, ingekuwa aibu kuwa wa kwanza kuivunja. Mwenye shamba linaloliwa na aende kwa afisa wanyamapori wa wilaya, aeleze, aulize.

La pili, lililo halali kwetu ni ua. Sungura wetu hachimbi, kwa hiyo ua wake ni rahisi kuliko wa Ulaya. Kule wavu wa waya huwa na macho ya sentimeta tatu hivi, kimo cha sentimeta tisini, na sehemu ya chini hukunjwa kuelekea nje juu ya ardhi ili sungura akija kuchimba aikute. Kwetu yatosha ua usio na pengo chini, wenye macho madogo, ukikaguliwa kila jioni kama mzee yule alivyovikagua vijiti vyake. Mapengo ndiyo njia. Na wale ndugu wanaofuga sungura wa Ulaya katika vibanda, wafahamu ya kuwa wanafuga mchimbaji: wakiwaacha juu ya mchanga mtupu, asubuhi watakuta shimo. Akitoroka mmoja uani, wavu mdogo wa meta tano uliolegea humkamata bila kumwumiza, kuliko kumkimbiza kwa fimbo mpaka afe kwa hofu.

La tatu ndilo lililonileta hapa. Wengi wetu tuna wazazi walio vijijini wajuao kazi ambazo hazikuandikwa popote: kufuma wavu, kusuka kamba, kujenga ghala lisiloingia panya, kutambua udongo kwa kuuonja. Tunapokwenda likizo tunakaa kitini kivulini, tunaletewa maji ya kunawa, na wazee wanaona fahari kutuhudumia. Sisemi ni vibaya kuheshimiwa. Nasema tu, siku moja katika likizo yako, vua shati lako jeupe, ukamwambie mzee, "Baba, nifundishe fundo hili." Mimi nilingoja, na yule aliyekuwa anifundishe akaondoka. Fundo la babu yangu, kama lilikuwa sawa na hili la Norfolk au lilikuwa lingine, sitalijua kamwe.

Bwana Mwenyekiti, muda niliopewa umekwisha. Nimeleta kipande cha wavu nilichokifuma mwenyewe, na sindano mbili za mti, na ubao. Vimo katika kikapu karibu na mlango. Baada ya chai, ndugu yeyote atakaye kujaribu na aje. Nitamwonyesha fundo mara tatu, kisha nitamwachia sindano. Na akikosea sitamcheka.